Picha za Kwanza za Makka na Madina: Ushahidi wa Majengo Yaliyopita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya na wageni wao)

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Amma baad. 

Ni nyumba chache za Kiislamu katika nchi hizi zisizokuwa na picha ya Al-Kaaba ukutani. Mtoto huizoea tangu hajajua kusoma, na mzee huielekeza macho akikumbuka safari yake ya Hija, au akiitamani ile ambayo bado hajajaaliwa. Walakini ni nadra kusikia mtu akiuliza: picha ya kwanza ya Nyumba hiyo ilipigwa na nani, mwaka gani, na kwa zana gani? Tena, yale majengo yaonekanayo katika picha za zamani kando ya Al-Kaaba yamekwenda wapi? Makusudio ya hotuba hii ni kuyajibu maswali hayo, na kuonyesha ya kuwa picha ya jengo ni ushahidi, na ya kuwa ushahidi ni amana.

ASILI YA KAZI HII

Tangu kale watu walitambua kuwa nuru ikipenya katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza, huchora ukutani sura ya vitu vilivyo nje, navyo huonekana vimepinduka juu chini. Mwanachuoni aliyeieleza elimu ya nuru kwa vipimo na majaribio ni Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Misri na kufariki yapata mwaka 1040. Yeye ndiye mtungaji wa Kitab al-Manazir, na katika risala nyingine alieleza umbo la jua lililopatwa linavyoonekana nuru yake ikipita katika tundu.

Lakini sura ile ya ukutani ilikuwa mfano wa kivuli. Nuru ikiondoka, nayo huondoka. Ilibidi ingojewe dawa ya kuishika. Dawa hiyo ilipatikana Ufaransa kwa juhudi za Nicéphore Niépce na mwenziwe Louis Daguerre. Daguerre alifaulu kuishika sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na mwezi wa Agosti 1839 kazi hiyo ilitangazwa hadharani mjini Paris. Haikutimia miezi mitatu, Wafaransa wawili, Horace Vernet na Frédéric Goupil-Fesquet, walikuwa wamekwisha fika Iskandaria na mashine yao, wakalipiga picha kasri la Muhammad Ali Pasha katika Novemba 1839.

Iko sababu iliyowafanya wapiga picha wa kwanza wayaendee majengo na masanamu ya mawe. Mashine za siku zile zilihitaji muda mrefu wa kuinywa nuru. Mwanadamu hutikisika, hupepesa macho, hupumua; mnyama hatulii; bali jiwe husimama kama lilivyowekwa. Ndipo Maxime Du Camp, aliyezunguka Misri mwaka 1849 na 1850, akaipiga picha ile sanamu kubwa ya Giza ambayo Waarabu huiita Abul-Hawl. Wakati huo ilikuwa imefukiwa na mchanga kiwiliwili kizima, kichwa tu na mabega yakijitokeza. Baadaye mchanga uliondolewa, na leo miguu yake ya simba yaonekana wazi. Asiyeiona picha ile ya zamani ni vigumu kusadiki kuwa wasafiri wa karne ya 19 waliijua sura nyingine kabisa.

Kabla yake alikuwako Joseph-Philibert Girault de Prangey, Mfaransa aliyeyapenda mno majengo ya Kiislamu. Alisafiri toka mwaka 1842 hata 1845, akapita Misri, Sham na nchi ya Waturuki, akaipiga picha misikiti ya Kairo, na miji ya Quds, Dameski na Halab. Mabamba yake zaidi ya 900 yamesalia. Yeye alifariki mwaka 1892, na kwa miaka mingi mabamba hayo yalilala ghalani nyumbani kwake bila ya watu kuyajua.

Wote hao, hata hivyo, walikuwa na mpaka wao wa kusimama. Makka na Madina hawakuweza kuingia. Michoro ya miji hiyo ilikuwako, katika vigae vya Waturuki na katika kurasa za vitabu kama Dalail al-Khayrat, nayo ni mizuri ya kupendeza. Lakini mchoraji huyapanga majengo kwa kadiri ya heshima yake moyoni, wala si kwa kadiri ya vipimo vyake juu ya ardhi. Picha ya kweli ya Miji Mitakatifu ilimngoja Mwislamu.

MUHAMMAD SADIQ WA MISRI

Mwislamu huyo alikuwa Muhammad Sadiq, afisa wa jeshi la Misri na mhandisi wa kupima ardhi, aliyesoma kwao Misri kisha Paris. Mwaka 1861 alitumwa Hijazi kuipima njia itokayo bandari ya Al-Wajh mpaka Madina, na ile ya kurudia Yanbu. Kazi yake ilikuwa ni kuandika masafa, visima, vituo na hali ya njia. Pamoja na vyombo vya kupimia alichukua mashine ya kupigia picha, ambayo haikuwa katika kazi aliyoagizwa.

Alipofika Madina alitafuta mahali pa juu ili aupate mji pamoja na Msikiti wa Mtume, Sala Llahu alayhi wasallam. Akapiga picha ya kuba ya kijani na minara, na nyumba zilizouzunguka Msikiti, na ukuta wa mji. Ukumbuke, msikilizaji, ule ndio wakati ambapo kazi kubwa ya kuujenga upya Msikiti ule, iliyoanzwa na Sultani Abdul Majid mwaka 1849, ilikuwa inafikia mwisho wake. Na kuba yenyewe ilikuwa imetiwa rangi ya kijani mwaka 1837 tu, kwa amri ya Sultani Mahmud wa Pili. Sadiq basi aliushika Msikiti katika sura yake ya Kituruki ikiwa bado mpya. Alipoichapisha khabari ya safari hiyo mjini Kairo mwaka 1877, alieleza ya kuwa hakuna aliyemtangulia kuzipiga picha hizo.

Ili heshima ya kazi hiyo ijulikane, yafaa zielezwe zana zake. Bamba lilikuwa ni kioo. Mpiga picha alikipaka kioo kwa maji mazito ya dawa iitwayo kolodioni, akakitia katika maji ya chumvi ya fedha ndani ya hema la giza, akakichukua kingali kibichi mpaka kwenye mashine, akafungua nuru iingie, kisha akarudi mbio hemani kukiosha kwa dawa nyingine. Yote hayo ilibidi yamalizike katika muda wa dakika kumi au kumi na tano, maana dawa ikikauka kioo kimeharibika. Mtu aifikirie kazi hiyo chini ya jua la Hijazi, penye vumbi la njia ya ngamia, na maji yenyewe ni ya kubeba kwa viriba! Hema la giza huwa tanuri, na mvuke wa dawa hulevya kichwa. Kisha vioo hivyo husafirishwa wiki nzima nzima migongoni mwa ngamia bila ya kuvunjika, na baadaye sura hupigwa chapa kwa nguvu ya jua juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai.

Mwaka 1880, sawa na mwaka 1297 wa Hijra, Sadiq alirudi Hijazi akiwa mhazini wa msafara wa Mahmal, uliokuwa ukitoka Misri kila mwaka pamoja na Kiswa cha Al-Kaaba. Safari hii aliingia Makka na mashine yake. Akaipiga picha Al-Kaaba na Msikiti Mtukufu kutoka pande mbalimbali, akaunganisha picha moja na nyingine ubavu kwa ubavu ili uwanja mzima uonekane. Akawapiga mahujaji na mahema yao Mina na Arafa. Akampiga pia Sheikh wa ukoo wa Shayba, washika ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa pili yake, 1881, picha zake zilionyeshwa katika mkutano wa wanajografia wa mataifa uliofanyika Venice, akatunukiwa nishani ya dhahabu. Alipanda cheo hata akawa Pasha, akaandika vitabu vya kumwongoza hujaji, akafariki mwaka 1902.

Jambo moja katika picha za namna hii ni la kuzingatiwa. Kwa kuwa nuru iliingia taratibu, watu waliokuwa wakienda hugeuka kama ukungu au hutoweka kabisa. Wale waliosimama wakatulia hubaki. Basi uwanja uliojaa watu waweza kuonekana mtupu, na safu za Swala zikadhihirika. Atazamaye asiseme kwamba hapakuwa na watu. Picha husema kweli, lakini husema kwa lugha yake, na yampasa mtu ajifunze kuisoma.

TABIBU WA MAKKA NA JINA LAKE

Baada ya Sadiq alitokea mwenyeji wa Makka yenyewe, tabibu aitwaye Sayyid Abd al-Ghaffar. Huyu ahesabiwa kuwa Mmakka wa kwanza kupiga picha. Mwaka 1885 alifika Makka mwanachuoni wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliyekuwa ametangaza Uislamu na kujiita Abd al-Ghaffar vile vile. Alikaa miezi michache, akajuana na tabibu huyo, wakashirikiana katika kazi ya picha. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mgeni akaamriwa kutoka mjini kwa ghafla. Tabibu aliendelea kupiga picha, akawa anampelekea Uholanzi: picha za Msikiti, za mji, za mahujaji wa kila taifa.

Snouck Hurgronje alizitoa picha kwa chapa mwaka 1888 na 1889. Lakini jina la tabibu halikupewa haki yake, na sahihi yake, aliyoiandika kwa Kiarabu kwa hati nzuri juu ya picha zake, ilifutwa. Miaka mingi ilipita watu wakidhani kuwa kazi yote ni ya Mholanzi. Katika zama za karibu wataalamu walizilinganisha picha hizo na nakala zenye sahihi, wakalirudisha jina la Sayyid Abd al-Ghaffar mahali pake.

Khabari hii haikusimuliwa ili kuamsha chuki. Mholanzi yule ndiye aliyezichapisha na kuzihifadhi, na kama si yeye huenda nyingi zingepotea. Ila mafunzo yake ni wazi: kazi isiyokuwa na jina la mwenyewe hupata mwenyewe mwingine. Sadiq aliliandika jina lake na likabaki. La tabibu lilifutwa, likalala miaka mingi.

KAULI ZA WANAVYUONI

Huenda msikilizaji akauliza juu ya hukumu ya picha. Wanavyuoni walihitilafiana, na bado wamehitilafiana, katika picha za vyenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, alitunga risala ya kuonyesha kuwa picha ya mashine ni halali, akieleza kwamba ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba wala kuiga uumbaji. Wengine hawakukubaliana naye. Lakini katika miti, milima na majengo, visivyokuwa na roho, jumla ya wanavyuoni waliruhusu kutiwa katika picha. Basi mwenye kuupiga picha msikiti, mlango wake, mihrabu yake na mnara wake, hana sababu ya kuona haya.

YALIYOKUWAKO NA YASIYOKUWAKO

Sasa lije swali la pili, la majengo yaliyokwenda. Azichukue mtu picha za Makka za miaka ya 1880, kisha azitazame kwa utulivu. Ataona uwanja wa Msikiti umezungukwa na mabaraza ya kuba ndogo ndogo, yaliyojengwa katika karne ya 16 kwa amri ya masultani wa Kituruki. Karibu na Al-Kaaba ataona jengo la kisima cha Zamzam, na lango la tao la Bani Shayba limesimama peke yake, na vibanda vya maimamu wa madhehebu, ambapo kila imamu alisalisha watu wake. Juu ya kilima ataiona ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki katika karne ya 18.

Hujaji wa leo hayaoni hayo. Mahujaji waliongezeka, na kuanzia mwaka 1955 Msikiti ulianza kupanuliwa. Vibanda, na lango, na jengo la Zamzam viliondolewa ili wenye kutufu wapate nafasi. Njia ya baina ya Safa na Marwa, ambayo ilikuwa ni barabara yenye maduka, watu wakisai katikati ya wachuuzi, iliingizwa ndani ya Msikiti. Ngome ya Ajyad ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pake pakajengwa majumba marefu ya saa yaonekanayo kutoka mbali. Madina nako Msikiti ulipanuliwa mara kwa mara, na ukuta wa mji ambao Sadiq aliupiga picha haupo tena.

Wako wanaosema upanuzi ulikuwa wa lazima, kwa kuwa umati wa mahujaji usingeenea. Na wako wanaosikitikia majengo ya kale. Pande zote mbili zina hoja. Lakini hata mwenye kubomoa kwa haja ya kweli huhitaji kumbukumbu ya alichokibomoa, na kumbukumbu hiyo, kwa macho ya watu wa leo, ni vile vioo vilivyobebwa na ngamia.

Wala si mkono wa mjenzi peke yake unaoondoa majengo. Msikiti wa Banu Umayya wa Dameski uliteketea kwa moto mwaka 1893. Picha zilizopigwa kabla ya mwaka huo ndizo zinazoonyesha ulivyokuwa. Mnara wa Msikiti Mkuu wa Halab, uliosimama tangu karne ya 11, ulianguka vitani katika Aprili 2013. Mafundi watakao kuujenga tena hurejea kwenye vipimo na picha za waliotangulia. Hapo picha hugeuka kuwa mwalimu wa fundi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, katika pwani ya Afrika Mashariki. Sayyid Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib Unguja mwaka 1883. Picha za zamani zaonyesha mbele yake mnara wa taa uliosimama peke yake, na jumba lenyewe halina mnara wa saa usoni pake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga upande ule wa pwani. Mnara wa taa uliharibika, na jumba lilipotengenezwa likaongezwa mnara wa saa mbele. Mtu asiye na zile picha angeapa kuwa mnara wa saa ulikuwako tangu siku za Barghash. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara huo wa saa. Kwa mara ya pili picha zimekuwa shahidi wa yale ambayo jiwe halikuweza kuyashuhudia lenyewe.

WAJIBU WA WALIO HAI

Mabwana na mabibi, Makka na Madina zilimpata Sadiq. Halab ilimpata Girault. Je, misikiti ya bara imempata nani? Katika nchi hizi Uislamu uliingia pamoja na misafara. Misikiti ya kwanza ilikuwa ya miti na udongo, ikaezekwa majani, kisha ikaja ya matofali na mabati, kisha hii ya saruji. Kila jamaa ilipopata uwezo iliubomoa mdogo ikajenga mkubwa, na hilo ni jambo la kheri, maana idadi ya waumini imezidi. Lakini kila mara ule mdogo uliondoka bila ya picha, na bila ya jina la fundi aliyeujenga kuandikwa popote. Wazee waliosali ndani yake wanapungua kila mwaka, na wakishaondoka hao, utakuwa kama haukuwako.

Leo hakuna haja ya hema la giza wala viriba vya maji. Karibu kila kijana ana simu yenye kamera mfukoni. Kilichopungua ni nia. Basi msikiti wowote wa zamani, kabla ya tofali lake la kwanza kung'olewa, upigwe picha pande zote nne. Upigwe mihrabu, mimbari, mlango, kisima na maandishi yaliyo ukutani. Asimame mtu kando ya ukuta ili kimo chake kijulikane. Kisha picha zitolewe katika karatasi, maana simu hupotea na huharibika, na nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu ya risasi: mahali, tarehe, jina la mpiga picha, na jina la fundi na la mwenye kuutoa wakfu uwanja, ikiwa wazee wanayakumbuka. Nakala moja iwekwe katika sanduku la jumuiya, na nyingine kwa familia, pasipo na unyevu wala mchwa.

Na walio na picha za babu zao masandukuni wazitoe zitazamwe na zinakiliwe, na majina yaandikwe wangali wako wa kuyataja. Yaliyompata tabibu wa Makka yasiwapate wajenzi wa misikiti hii.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga, na waliohifadhi, na awape taufiki walio hai kuitunza amana waliyoachiwa. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.